Bima ya matatu: tumtazame dereva, si viti

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, haina mzaha: gari lisilo na bima ya mtu wa tatu halina ruhusa barabarani. Kwa matatu gharama hiyo ni nzito, ndiyo maana wamiliki wengi huilipa mwezi kwa mwezi. Lakini bei yenyewe hutazama zaidi idadi ya viti kuliko aliyeshika usukani. Dereva mzembe na yule mtulivu hulipiwa karibu sawa, na hasara ya mmoja humwangukia mwenzake.

Kampuni za bima nazo zimeumia. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Majeruhi walibaki na hukumu za mahakama mkononi, mlipaji hayupo. Na kiasi ambacho bima hulazimika kulipa, kumbuka, sheria imekiwekea kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu.

NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, ndiyo inayotoa leseni za udereva. Izipe kampuni za bima rekodi za makosa ya kila dereva wa matatu, na bei ifuate rekodi hiyo. Mmiliki akiona dereva fulani anamgharimu zaidi kila mwezi, atamwondoa mwenyewe kabla ya polisi.