Mdudu Asiye na Lebo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya mafanikio katika maisha. Nimefikiri sana, nikaona heri nizungumze juu ya kushindwa kwangu kumoja, kwa sababu mafanikio yangu ni machache na ninyi nyote mnayajua. Kushindwa kwenyewe kunahusu mdudu.

Mwaka 1977 nilikuwa Kidato cha Pili, na mkoa wetu ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Mtakumbuka kwamba mwalimu wetu wa Biolojia alituagiza kila mmoja arudi kutoka likizo na mdudu mmoja. Wenzetu wa Biharamulo walileta senene, na kwa bahati mbaya senene hao waliliwa bwenini kabla ya kipindi. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi wa baba huko kwetu Ngara. Mvua ikanifukuza nikaingia chini ya mwamba, mahali palipokuwa na pango dogo. Macho yalipozoea giza niliona wadudu wamejishika kwenye dari. Walifanana na nyenje, lakini miguu yao ilikuwa mirefu kama ya buibui, na papasi zao zilikuwa ndefu kuliko mwili mzima. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawakulia. Nyenje asiyelia!

Nilimkamata mmoja nikamtia katika chupa yenye gongo ya mjomba wangu. Mjomba hakunikatalia, kwa sababu sikumwomba. Mwalimu alimtazama mdudu yule kwa muda, akasema hajapata kumwona. Tukaandika kwenye kikaratasi: "Mdudu wa Pangoni, Kidato II B." Chupa ikawekwa kabatini.

Miaka ikapita. Nami nikawa mwalimu wa Biolojia, na chupa ile nikawa nayo. Siku moja alipita kwetu mtaalamu wa wadudu, nikamwonyesha hazina yangu kwa majivuno. Akamtazama kwa lenzi, kisha akaniuliza: Alikamatwa wapi? Lini? Kwenye mwinuko gani? Nikajibu kwamba ni Ngara, wakati wa likizo, kilimani. Akauliza kilima kipi. Nikataja viwili, kwa kuwa sikuwa na hakika tena. Miguu yenyewe ilikuwa imekwisha kukatika, maana gongo ile haikuwa kali ya kutosha. Akaiweka chupa mezani polepole, akasema, "Mwalimu, huyu sasa ni mdudu tu."

Ndugu zangu, neno hilo liliniuma, na leo nataka niwaeleze kwa nini lilikuwa la haki.

Tangu mwaka 1758, Carolus Linnaeus wa Sweden alipotoa toleo la kumi la kitabu chake cha viumbe, kila mnyama hupewa jina la sehemu mbili: jina la jenasi na jina la spishi. Ikiwa kundi la wanyama wa spishi moja limetengwa mahali pake, likawa na tofauti za kudumu ingawa bado lingeweza kuzaana na wenzake, wataalamu huweza kuliongezea jina la tatu, la nususpishi. Lakini jina halitolewi kwa mdomo. Ni lazima maelezo ya mnyama yachapishwe, na ni lazima kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa shahidi wa jina hilo na kuhifadhiwa kwenye makumbusho. Kielelezo hicho huandikiwa mahali kilipopatikana, tarehe na jina la aliyekikamata. Asiyekubali huenda akakitazama mwenyewe.

Tuchukue mfano wa senene wetu. Mfaransa Serville alimpa jina mwaka 1838. Mwaka 1869 Mwingereza Walker akampa jina jingine. Kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu senene wa huku kwetu kuwa nususpishi tu ya ndugu yake wa Ulaya, akiitwa kwa majina matatu Homorocoryphus nitidulus vicinus. Halafu mwaka 1975 mtaalamu Bailey akachapisha mapitio ya jenasi hiyo kwa Afrika, na mwaka uliofuata akaandika juu ya nyimbo za aina za Uganda, maana kila aina ina wimbo wake. Leo anaitwa Ruspolia differens, na hilo jina Ruspolia linamkumbusha msafiri Mwitaliano, Eugenio Ruspoli, aliyeuawa na tembo mwaka 1893. Kwa hiyo mama anapokaanga senene mwezi wa Novemba, sufuriani mna hoja iliyochukua zaidi ya miaka mia. Hoja hiyo iliweza kujadiliwa kwa sababu vielelezo vilikuwepo, kila kimoja na kikaratasi chake.

Sasa mtaniuliza, mdudu wangu wa pangoni ana tofauti gani na senene? Tofauti ni kubwa. Senene huruka usiku kwa makundi makubwa na kufika mbali. Dume huimba kwa kusugua mbawa zake, na masikio yao yako kwenye miguu ya mbele. Afrika Mashariki wako pia nyenje wa mapangoni wa jenasi Phaeophilacris. Hawa hawana wimbo, wala hawana masikio hayo. Dume hupunga mbawa zake gizani, na jike huhisi upepo wake mdogo kwa vinyweleo vilivyo kwenye mikia yake miwili. Fikirini, ndugu zangu: ni posa isiyo na sauti!

Mdudu akaaye pangoni haendi mbali. Pango kwake ni kisiwa, kama vile kilele cha mlima kilivyo kisiwa kwa viumbe wapendao baridi. Ndiyo maana mlima Kilimanjaro umewapa wataalamu kazi nyingi. Claudia Hemp, Mjerumani, ameeleza aina nyingi za jamii ya panzi na senene wa huko, na mojawapo, Aerotegmina kilimandjarica ya mwaka 2001, imechukua jina la mlima wenyewe. Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna theluji, lakini tuna vilima vya mawe magumu na mabonde baina yake. Kwa mdudu wa namna hiyo, kusema "Ngara" hakutoshi. Mdudu wa kilima hiki na wa kilima cha pili huenda ni nususpishi mbili. Kilima chenyewe ndicho nusu ya habari, na nusu hiyo niliipoteza mimi.

Nilirudi kuitafuta mwaka 1997. Mnajua yaliyopita hapo kati. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Walihitaji kuni za kupikia. Nilipanda vile vilima viwili. Kwenye kimoja nilikuta pango, lakini kichaka cha mlangoni hakikuwepo, na dari ilikuwa nyeusi kwa moshi. Nilimulika tochi kila ufa. Hapakuwa na kitu. Simlaumu mtu aliyewapikia watoto wake uji mle ndani. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Ninayemlaumu ni kijana wa Kidato cha Pili aliyekuwa na kalamu mfukoni, akaiba gongo, akasahau kuandika mistari mitatu.

Je, pango lile lilikuwa ndilo? Siwezi kuapa. Na hilo ndilo adhabu yangu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Tangu mwaka 2019 tunayo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani yake mna lililokuwa Pori la Akiba la Biharamulo. Nje ya hifadhi kuna vilima vyetu, ambavyo havina mlinzi ila sisi. Naomba umoja wetu uinunulie maabara ya shule kabati moja lenye kioo, spiriti halisi, na daftari gumu. Nitalipa fungu la kwanza mimi. Nanyi vijana, sharti langu ni moja: mdudu yeyote asiingie kabatini bila mahali, tarehe na jina la aliyemkamata.

Chupa yangu nimekuja nayo, ndiyo hii. Naiacha hapa shuleni, ikae katika kabati hilo peke yake, rafu ya chini, ili kila kijana aione na aulize kwa nini haina lebo.