Baiskeli za Kukodi na Mfuko wa Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira)



Leo twataka kunena juu ya baiskeli. Msicheke. Mchumaji wa chai anayetoka kwake alfajiri, akatembea mpaka shambani na kurudi jioni, ajua taabu ya miguu. Akipanda pikipiki kwenda na kurudi, nauli yamlia kibarua chake.

Kukodi baiskeli si jambo geni kwetu. Zamani fundi wa sokoni alikuwa nazo mbili tatu, nasi tulilipa kwa saa. Hakutaka karatasi. Alimjua baba yako, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana. Lakini tuseme kweli: dada zetu aliwanyima, na mgeni asiye na wa kumshuhudia alikwenda kwa miguu.

Siku hizi miji mikubwa ina baiskeli za kukodi zinazofunguliwa kwa mitambo. New York walianza mwaka 2013. Ilitakiwa kadi ya benki, na vituo vya kwanza viliwekwa kusini mwa Manhattan na sehemu za Brooklyn. Watu wa Bronx, wanakoishi maskini wengi, walingoja mpaka 2020. Philadelphia walianza 2015, wao wakakubali fedha taslimu. Kumbe kadi si amri ya Mungu! Karibu nasi, Kigali walianza 2021, nao ni mji wa vilima kama wetu. Lakini kufungua baiskeli kulitaka simu kubwa yenye programu.

Tukiletewa mpango wa namna hii, twahofu utaanzia mbele ya mabenki na mahoteli ya mjini Kisii na kuishia hapo. Nani atapeleka kituo Kebirigo au Nyansiongo, au Tabaka kwa wachonga mawe? Tena baiskeli isiyo na gia, kwenye milima yetu wakati wa mvua, ni mzigo wa kusukuma. Na mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, yeye apande vipi? Wenye kupanga mambo humsahau huyu kila mara.

Kwa hiyo twasema mapema, kabla hatujaulizwa. Malipo yawe kwa M-Pesa, ambayo hata simu ndogo ya vibonye yaiweza, au fedha mkononi. Dhamana isiwe pesa: chama kimdhamini mwanachama wake, kama wenzake wanavyomdhamini mkopaji katika ushirika. Kituo kiwe pale tunapopimia majani ya chai. Na barabara iwe na upande wa baiskeli, maana malori hayamwachii mtu nafasi.

Juu ya udhamini hatujapatana. Wengine wauliza: ikiibiwa, nani atalipa? Wana haki kuuliza. Sisi twaona heri tujaribu kwanza wenyewe kwa baiskeli chache. Mwenye baiskeli iliyolala nyumbani kwa kukosa tairi au mnyororo aandikishe jina kwa katibu wa tawi kabla ya kikao kijacho. Tukijua ziko ngapi, tutamwita fundi atuambie gharama ya kuzitengeneza.