Rauta Nayo Ni Siasa: Nilichowaambia Vijana wa Dodoma



Leo sina kaulimbiu. Nimekuja na rauta kuukuu. Tuongee ufundi, maana ufundi nao ni siasa.

Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi, WhatsApp na Twitter ziligoma. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kura, ikazimwa intaneti nchi nzima. Wengi wetu silaha tuliyoijua ni VPN. Sasa jamani, VPN inapita juu ya intaneti. Ikikatwa yote, VPN inabaki picha tu kwenye simu.

Je, rauta hii itarudisha intaneti? Hapana, nisiwadanganye. Mkongo ukizimwa umezimwa. Lakini rauta zetu zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe, paa kwa paa. Ujumbe, masomo, picha ya fomu ya matokeo, vyote vikazunguka kata nzima bila kutoka nje.

Kinachowezesha hilo ni protokoli, yaani kanuni za mashine kusemezana. Zipo za wazi, kama Babel na batman-adv. Kila rauta inawatangazia majirani kwamba ipo. Moja ikizimika, ujumbe unatafuta njia nyingine.

Na programu ya kuziendesha ni bure: OpenWrt. Ilianza 2004, baada ya kampuni ya Linksys kulazimika kutoa msimbo wa rauta yake ya WRT54G, kwa sababu ilitumia Linux, na leseni ya Linux inataka msimbo utolewe. Mnaona? Haki ikiandikwa vizuri, hata kampuni kubwa inatii.

Namna ya kuanza. Geuza rauta, soma modeli na toleo lake chini. Hakikisha imo kwenye orodha ya OpenWrt. Yenye RAM chini ya MB 64 achana nayo. Iflashi kama mafundi wanavyoflashi simu, kwa waya, si kwa Wi-Fi, na umeme usikatike katikati. Kisha fungua 192.168.1.1, weka nywila, sakinisha batman-adv.

Hapo umesakinisha tu, bado hujajifunza. Kujifunza ni kubadilisha. Kwa kawaida batman-adv hujitangaza kila sekunde 1. Rauta zako zimefungwa juu ya paa, hazitembei. Jaribu sekunde 5, pima, linganisha. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Msiseme haya ni ya Ulaya. Kondoa, mkoa huuhuu, wataalamu wa UDOM walishiriki kujenga mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika, ambayo hufika mbali kuliko Wi-Fi. Na Kibera, Nairobi, vijana wana TunapandaNET.

Ila tusiende kichwakichwa. Someni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, mjue wapi kibali kinahitajika. Tunadai haki, tusiwape sababu ya kutukamata.

Ombi langu ni moja: kila tawi, rauta mbili na vijana wawili, mmoja wao awe dada. Anzeni mwaka huu, wakati kuna utulivu. Mtandao haujengwi wiki ya uchaguzi.

Sasa sogeeni hapa mezani, tuiflashi pamoja.