Amana ya Umma na Ulimi wa Mwenye Kuuliza

Hotuba ya Ijumaa, Chidya, Masasi

Alhamdu lillahi Rabbil-aalamin. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua yaliyofichwa vifuani na yaliyofichwa madaftarini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama.

Amma baad. Enyi Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi mliohudhuria hapa Chidya, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, Masasi, Newala na kwingineko: tumche Mwenyezi Mungu. Hotuba yetu ya leo ni juu ya mambo mawili yaliyofuatana kama uzi na sindano, nayo ni kula mali ya umma, na kumnyamazisha mwenye kuuliza mali hiyo imekwenda wapi.

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 188, ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, akataja khasa kuipeleka mali kwa wenye hukumu ili haki ya watu iliwe hali ya kuwa mlaji anajua. Naye Mtume wetu (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa pamoja na mpokeaji. Tena alipata kumtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akadai kuwa fungu moja ni la Waislamu na la pili ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angaliletewa zawadi hizo lau angalikaa tu nyumbani kwa baba yake na mama yake. Tazameni, ndugu zangu: Mtume hakulificha jambo lile kwa kuhofia kuwa heshima ya utawala itapungua. Alilisema mbele ya watu, kwa sababu mali ilikuwa ya watu.

Sayyidna Abubakar alipotawala, mwaka 632, hotuba yake ya kwanza iliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamrekebishe akikosea. Sayyidna Umar naye aliandika mali za magavana wake walipoingia kazini, apate kuzilinganisha baadaye. Tena katika msimu wa Hija akiwakusanya magavana hao na kuwataka raia waseme hadharani ni nani kati yao aliyewadhulumu. Umar ndiye aliyekuwa akiwatafuta wenye malalamiko. Hakuwatumia askari wa kuwakamata.

Na katika nchi yetu jambo hili si geni. Ahadi za TANU ziliihesabu rushwa kuwa adui wa haki. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutangaza mali zao. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, katika wilaya yetu hii ya Masasi, aliiunda Tume ya Jaji Warioba ili kuchunguza rushwa nchini. Je, tume ile ingalijua nini lau wananchi wangalifunga vinywa vyao?

Ndugu zangu, tuje sasa nyumbani kwetu. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka gunia lake chama cha msingi, likapimwa, likaenda ghala kuu, likanadiwa mnadani, kisha hukatwa makato, naye akalipwa yaliyobaki. Huo ni mnyororo mrefu, na kila pete yake ni amana. Mkulima aliyepalilia na kupulizia salfa ana haki ya kujua kila shilingi iliyokatwa imekatwa na nani na kwa ajili gani.

Nataka nikuelezeni jambo, na ndani yake mna kosa langu mimi. Kijana mmoja katika wilaya zetu hizi aliandika katika kundi la simu la kijiji chao, akiuliza kwa nini makato hayalingani na yaliyosomwa mkutanoni. Hakumtukana mtu. Siku ya pili aliitwa na mkubwa mmoja, akaamriwa ayafute maneno yake na kuomba radhi, kisha akalazwa mahabusu usiku kucha. Wazee walinijia wakaniomba nimnasihi anyamaze. Nikamwita, nikamwambia kuwa fitina ni mbaya. Akanitazama, akaniuliza: "Sheikh, fitina ni swali langu au ni jibu lisilopatikana?" Sikuwa na la kumjibu. Leo namjibu juu ya mimbari: mwanangu, swali lako lilikuwa haki, na mimi nilikosea. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, nawe unisamehe.

Wapo wanaotumia sheria kuwatisha watu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe, lakini kwa mashartiye, wala si zaidi ya saa 48. Haikutungwa ili kumwadhibu mwenye kuuliza hesabu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, kwa mwenye kueneza uongo hali ya kuwa anajua kuwa ni uongo. Basi swali la kweli limekuwaje uongo? Mwaka huo huo wa 2015 ilitungwa pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mbona hiyo haitajwi?

Lakini nanyi vijana wenye simu, sikilizeni. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuitenda. Anayemzulia kiongozi wizi amedhulumu kama mwizi mwenyewe. Ulizeni kwa ushahidi, andikeni kwa adabu, hifadhini risiti zenu, na msisambaze uvumi.

Nanyi mliopewa madaraka, sisi watu wa uwanda huu wa Makonde tunajua thamani ya maji. Mtungi ukivuja, mtoto akasema, "Mama, mtungi unavuja," hauzibiki kwa kumziba mtoto mdomo. Maji yatakwisha, na kiu itawapata wote, mtoto na mama. Tena kimya kingi kina mshindo mkuu. Fungueni daftari, someni hesabu mbele ya watu, na mtapumzika.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.

(Hotuba ya pili)

Alhamdu lillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, leo mtakaporejea majumbani, kila mzazi amwulize nafsi yake: je, mwanangu nimemfunza kusema kweli, au kuogopa tu? Na kila mwenye ufunguo wa ghala au wa sanduku la chama akumbuke kuwa kaburini haingii nao.

Ewe Mola wetu, tuepushe na chumo la haramu. Waongoze viongozi wetu katika uadilifu, uwape masikio ya kusikia. Wahifadhi wasemao kweli, na uzitie baraka korosho zetu na jasho letu. Amin. Simamisheni Sala.