Wito haulipi karo



Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule na nyumba za ibada. Siku tatu baadaye mgonjwa wa kwanza wa korona akathibitishwa nchini Uganda. Jumapili iliyofuata dada yangu aliamka alfajiri kama kawaida, akapita mbele ya kanisa alilobatiziwa, akaliona kufuli mlangoni, akaendelea na safari yake. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja ya kanisa huku kwetu West Nile. Kanisa lilifungwa, wodi haikufungwa.

Jioni zile nilimwangalia akirudi. Hakuingia mlangoni. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akavua viatu juu ya jiwe, akaloweka sare kwenye beseni la maji na sabuni, akaoga, ndipo akaingia. Mtoto wake wa miaka mitatu hakuelewa. Alikuwa akilia, "Mama! Mama!", nami nimemshika mkono asimkimbilie. Pua ya dada ilikuwa na alama nyekundu ya barakoa, na kwenye kamba ya nguo zilining'inia barakoa mbili za kitambaa. Za hospitali zilikuwa zimekwisha.

Nyinyi wasikilizaji mnajua mgonjwa wetu anavyokwenda hospitalini. Anakwenda na mama mkwe, na shangazi, na sufuria, na mkaa. Wao ndio wanaompikia, wanaomwosha na kumgeuza kitandani. Korona ilipoingia, wauguzi waliamriwa kubakiza ndugu mmoja tu kwa kila mgonjwa. Hebu fikiria kumwambia mzee wa Kilugbara aketi nje ya lango wakati mwanawe anahangaika ndani. Dada yangu alimwambia hivyo mzee wa rika la baba yetu. Alitukanwa. Alitoka langoni, akamletea mzee kiti, akarudi kazini.

Watu wa huku walikuwa wameshaonja hofu ya namna hiyo. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, kule Kongo, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wetu. Wahudumu wa afya waliopima joto watu pale mpakani Vurra wakati wa Ebola ndio tuliowategemea tena ilipokuja korona. Kule Koboko, Oraba ni lango la Sudan Kusini, na Kongo nayo iko jirani. Ndiyo maana usafiri wa umma uliporuhusiwa tena kwingine Juni 2020, wilaya za mpakani, zetu zikiwemo, ziliendelea kufungiwa. Muuguzi aliyekaa mbali alitembea, au akakanyaga baiskeli. Akina mama wajawazito walibebwa usiku kwa namna yoyote iliyopatikana, na wakunga waliwapokea bila kujua nani kabeba nini kifuani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Hospitali za kanisa huendeshwa kwa ada ndogo za wagonjwa, misaada ya wafadhili, na ruzuku kidogo ya serikali. Watu walipoogopa kwenda hospitalini, ada zikapungua. Makanisa yalipofungwa, sadaka zikakauka. Gharama nazo zikapanda, maana glovu na dawa za kusafishia zilihitajika kuliko siku zote. Dada alikaa bila mshahara mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukapita. Alipouliza, mkubwa wake mmoja alimjibu kwa upole kwamba kazi hii ni wito.

Nimelitafakari jibu hilo miaka yote hii. Ni neno la kweli. Dada yangu anaamini aliitwa, hakuna atakayemtoa imani hiyo. Lakini kuna namna ya kulitumia neno takatifu kufunga mdomo wa mtu mwenye haki.

Neno hilo la wito tumelirithi wapi? Nenda hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua. Ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams, walihudumu pale kama wamisionari kwa miaka mingi. Ted ndiye aliyesafiri na Denis Burkitt mwaka 1961 kwa gari, nchi baada ya nchi, wakiutafuta uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina la Burkitt. Na kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa kwa makini Kuluva zilikuja kuwasaidia wataalamu kuuelewa ugonjwa ule. Nawaheshimu sana. Ila mmisionari alikuwa na makanisa ya kwao yaliyochanga ili yeye aweze kuhudumu. Huko nyuma wito wake ulikuwa na watu wanaoulipia. Muuguzi wa leo, mzaliwa wa Terego au Ludara, nyuma yake kuna wadogo zake wanaosubiri karo kutoka kwake. Tumeuchukua wito wa mmisionari tukaliacha lile kapu la sadaka lililoutegemeza.

Na wito una gharama nyingine isiyolipika kabisa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliongoza vita dhidi ya Ebola mwaka 2000 huku wafanyakazi wenzake wakifa mmoja baada ya mwingine. Wengine walipotaka kuondoka, alikaa nao akawasihi. Tarehe 5 Desemba alikufa yeye mwenyewe, akazikwa palepale hospitalini. Ikiwa mtu anaweza kuombwa hata uhai, kumcheleweshea mshahara ni kumdhulumu.

Kwa hiyo nawaomba maaskofu, wazee wa kanisa na wabunge wetu wa West Nile. Misa ya mavuno ikija, mbuzi na mihogo vikipigwa mnada mbele ya madhabahu, sehemu itengwe kwa ajili ya mishahara ya wodi, na itangazwe hadharani kama inavyotangazwa michango ya mabati. Serikali nayo iongeze ruzuku, kwa sababu virusi havikuuliza hospitali ni ya nani.

Dada yangu yuko zamu usiku huu. Najua redio ndogo iko juu ya meza ya wauguzi, sauti imepunguzwa ili wagonjwa walale. Dada, mtoto amekula, amelala. Viatu vyako nimevianua, maana mvua inakuja.