Kiasi cha Bunduki
Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Darajani



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alidhani nitaeleza habari za kazi ya serikali, maana ndiyo niliyoishika tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nilimwomba radhi. Kazi ya serikali mnaijua: jalada linakuja, jalada linakwenda. Nikamwambia kwamba mimi nina deni katika ukumbi huu tangu mwaka 1996, na ningependa kulilipa mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipolikopa.

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Tatu na palikuwa na mdahalo. Mada ilihusu sababu za wazee wetu kushindwa na Wazungu. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya wasafiri wa karne ya 19, na mle nilikuta kwamba watu wa pande zetu hawakujua kutumia bunduki: wanamimina baruti bila kiasi, wanafyatua bila kulenga, kishindo kikubwa na shabaha hakuna. Basi nilisimama hapa hapa nikasema hivyo, tena kwa mbwembwe. Nikataja vita vya tarehe 27 Agosti 1896, nikasema vilimalizika kwa muda wa dakika 38 kwa kuwa waliokuwamo katika jumba la Sayyid Khalid hawakujua kulenga. Nilipigiwa makofi mengi.

Katika waliokaa kule ukutani alikuwamo babu yangu mzaa mama. Alikuwa amekuja mjini kutoka Muyuni kutibiwa macho, akaletwa na mjomba kunisikiliza. Babu alikuwa msasi. Zamani za ujana wake alikuwa na gobori lenye leseni, na kazi yake ilikuwa kulinda mihogo ya watu na nguruwe mwitu na kima. Tulipotoka nje aliniambia maneno mawili tu: “Umesema vizuri. Kile kimwanzi changu ulipata kukitazama?” Nikamjibu kuwa nimekitazama mara nyingi. Akanyamaza. Baada ya miaka miwili alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa bado sijafahamu alichoniuliza.

Kimwanzi hicho kilikuwa kipimo chake cha baruti, kipande cha mwanzi kisichozidi kidole cha kati, kimezibwa chini na fundo la mwanzi wenyewe, na ubavuni kina alama mbili zilizokatwa kwa kisu, moja juu na moja chini. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza za nini. Akasema, “Cha juu cha kumtisha, cha chini cha kumpata.” Nilidhani ananifanyia mzaha, kama wazee wanavyofanya na watoto.

Wengi wenu hamjapata kuliona gobori likishindiliwa, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu. Juu yake palitiwa kizibo, na babu alitumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kikashindiliwa kwa mdeki. Kisha risasi, na kizibo kingine ili risasi isitoke bunduki inapoinamishwa. Mwisho fataki ikavishwa penye chuchu. Babu hakuutoa mdeki mara moja. Aliuacha ndani ya mtutu akahesabu vidole kwa sehemu iliyotokeza nje. Vikizidi vidole alivyovizoea, alijua kuwa risasi haijakaa juu ya baruti, ama amemimina mara mbili, na hilo la pili ndilo lililowatoa watu vidole.

Sasa nakuja kwenye safari yangu. Mwaka 2014 nilipelekwa Uingereza kwa masomo ya miezi mitatu. Niliyepanga kwake alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, mpole, asiyezungumza sana, na kila Jumamosi akitoweka na sanduku refu. Siku moja alinialika nifuatane naye. Tulikwenda Bisley, katika wilaya ya Surrey, penye uwanja mkubwa wa kulenga shabaha uliofunguliwa mwaka 1890. Katika lile sanduku mlikuwa na Martini-Henry, bunduki iliyochukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871.

Risasi za bunduki ile alizitengeneza mwenyewe nyumbani, jikoni, mkewe akinung'unika. Kiasi cha kijeshi kilikuwa gramu 5 na nusu za baruti nyeusi, nyuma ya risasi ya gramu 31. Yule mzee alipima kila kiasi kwa mizani ndogo kama ya sonara. Wala hakuimimina baruti vivi hivi. Aliipitisha polepole katika bomba refu jembamba, chembe zianguke moja moja zipangane vizuri, kila ganda lijae sawa na mwenziwe. Risasi ilikuwa ya risasi yenyewe, yaani madini, iliyochanganywa na bati, sehemu 12 kwa moja, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kisha ikavingirishwa karatasi nyembamba. Baina ya baruti na risasi alitia duara za karatasi ngumu na moja ya nta ya nyuki. Nilimwuliza kwa nini hajazi zile gramu 5 na nusu zote. Akanijibu kwamba bunduki yake haipendi. Alikuwa amejaribu viasi mbalimbali muda wa msimu mzima, na kiasi kilichokusanya risasi mahali pamoja kilikuwa kidogo kuliko kile kilichotoa kishindo kikubwa. Nafasi iliyobaki aliijaza kwa kizibo, maana baruti nyeusi haiachiwi nafasi tupu nyuma ya risasi. Huweza kupasua chuma.

Ndugu zangu, niliposikia hivyo nilikaa chini. Cha juu cha kumtisha, cha chini cha kumpata.

Akapiga risasi tano kwa yadi 100. Baada ya kila moja alipuliza pumzi ndani ya mtutu kwa kijibomba, taratibu, kama mtu anayechochea jiko. Matundu yote matano yangefunikwa kwa sahani moja. Nikamwuliza, na ukiacha kupuliza? Akacheka, akapiga tano nyingine bila kupuliza. Zile za mwanzo zilikwenda vizuri, na za mwisho zikatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Sababu yake wanafunzi wa kemia wataielewa mara moja. Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa, nayo haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu: sehemu inatoka kuwa moshi na sehemu inaganda mtutuni. Ikikauka ni ngumu kama ukoko wa wali, na risasi inayofuata hukwaruzwa njiani. Pumzi yenye unyevu huilainisha, na nta hufanya kazi hiyo hiyo. Msidharau mambo ya mafuta na nta. Maasi makubwa ya India ya mwaka 1857 yaliwashwa kwa kiasi fulani na uvumi kwamba viasi vya bunduki mpya ya Enfield vimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, na askari walitakiwa kuvipasua kwa meno.

Nimetamka “viasi”, na nimekusudia. Katika kamusi za Kiswahili za zamani, risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti yake inaitwa kiasi, kiasi cha bunduki. Lugha hiyo ilisemwa na watu wale wale niliosema mimi kuwa walimimina bila kiasi.

Niliporudi nilianza kusoma upya, safari hii kwa kuuliza ni bunduki gani waliyopewa watu wetu. Jibu lilikuwapo siku zote. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, kwanza yakaacha za kushindilia mdomoni, kisha za baruti nyeusi, zile kuukuu zilitafutiwa soko, na mlango wa soko hilo kwa Afrika Mashariki ulikuwa mji wetu huu. Mwaka 1888 Balozi wa Kiingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki zinazopita katika pande hizi ni baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa na mtutu laini ndani, usio na mifuo ya kuizungusha risasi. Chukueni ile bunduki ya kale ya askari wa Kiingereza waliyoiita Brown Bess: mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita 19 na risasi yake milimita 17 na nusu. Risasi hiyo hugonga huku na huku humo ndani, na inakotoka ndiko inakokwenda. Kwa bunduki ya namna hiyo askari wa Ulaya mwenyewe hakuwa na hakika ya kumpiga mtu aliye mbali ya hatua 100, ndiyo maana walisimama kwa safu na kupiga wote pamoja. Baruti iliyouzwa huku nayo ilikuwa ya biashara, hafifu kuliko ya jeshi. Mtu mwenye baruti hafifu na risasi inayopwaya atazidisha baruti, na sidhani kuwa huo ni ujinga.

Tena haikuwa bahati mbaya tu. Tarehe 2 Julai 1890 ulitiwa saini Mkataba wa Brussels, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, na jina la Sultani wa Zanzibar limo katika waliotia saini. Mkataba huo ulizuia silaha kuingizwa katika Afrika baina ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini ukaacha mwanya: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuuzwa kwa ruhusa kutoka katika ghala za serikali. Bunduki za mifuo, zenye kulenga, zikabaki kwa majeshi ya serikali na kwa wasafiri wenye vibali. Sisemi kwamba kuwazuilia silaha wauza watumwa kulikuwa kosa. Mimi nisingetaka wapate hata panga. Nasema tu kwamba kilichopigwa marufuku khasa ni shabaha, na kishindo kikaruhusiwa. Kisha wakatokea waandishi wakaandika kuwa sisi tunapenda kishindo.

Kwamba watu wetu waliweza kulenga walipopewa cha kulengea, ushahidi upo hapa hapa mjini. Mwaka 1877 Lloyd Mathews, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kumfundishia Sayyid Barghash jeshi la kisasa la vijana wa hapa, na serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider, zenye mifuo na zenye kutiwa kiasi kwa nyuma. Vijana hao walifundishika kama askari wengine wowote. Na habari ya zile dakika 38, nilijidanganya nikawadanganya na nyinyi. Jumba la mawe na boriti lililo pwani, mbele ya manowari zenye mizinga ya kisasa, haliokolewi na ulengaji wa mtu mwenye bunduki.

Nyinyi wanafunzi, nawajua, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Msitoke hapa kwenda kutafuta shura na makaa. Silaha bila leseni ni jela, na baruti haina mazoezi ya kukosea. Ila mkikuta kitabu kinasema watu fulani hawajui jambo fulani, ulizeni walikuwa na chombo gani mkononi, na nani aliyewauzia.

Kimwanzi nilipewa na mjomba baada ya matanga, kikakaa katika mtoto wa meza yangu miaka mingi pamoja na funguo zisizo na makufuli. Wiki iliyopita nilikijaza mchanga mkavu mara kumi mpaka alama ya chini, na kila mara nikaupima katika mizani ya maabara yenu, kwa hisani ya mwalimu wa fizikia. Mara kumi hizo hazikupishana hata nusu gramu. Alama ya chini imelika kwa ukucha wa kidole gumba. Ile ya juu bado ina makali ya kisu, kama iliyokatwa jana.

Nimekileta, kiko hapa mezani juu ya leso. Mnaweza kupita kukitazama, lakini naomba msikishike kwa mikono yenye mafuta ya sambusa.