Leseni ya Biashara si Ruhusa ya Ardhi

Hotuba ya afisa wa upangaji wa matumizi ya ardhi kwa wakaazi wa Mombasa, kuhusu kupitia upya kanuni za maeneo ya biashara

Nilikuwa nimeandikiwa karatasi ndefu ya kusoma. Lakini nimeona wengine wenu mmekuja na stakabadhi mikononi, kwa hivyo karatasi nitaiweka kando.

Nianze na swali ninaloulizwa mara nyingi pale kaunta. Mtu anakuja na leseni yake ya biashara. Amelipa mwaka huu, alilipa mwaka jana. Sasa ameletewa notisi kwamba ploti ni ya makaazi na gereji iondoke. Ananiuliza, "Mmepokea pesa yangu kwa mkono mmoja, mnanifukuza kwa mkono wa pili?" Na mimi sina jibu la kumfurahisha. Leseni inakuruhusu kufanya biashara. Haibadilishi matumizi ya ardhi. Kugeuza nyumba ya kuishi iwe duka, ofisi au mkahawa kunahitaji ruhusa nyingine, chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Anayeanza bila ruhusa hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kwamba madawati mawili ya serikali moja yanampa mwananchi majibu mawili, hilo ni kosa letu, na ni mojawapo ya mambo yanayofaa kurekebishwa kanuni zinapopitiwa upya.

Kwa nini tuzipitie? Tazameni mji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja. Nyali ilikuwa mitaa ya nyumba na bustani. Leo ukipita huko unaona kliniki, mikahawa, saluni na ofisi ndani ya nyumba zilizojengewa familia. Changamwe na Miritini ardhi nyingi iligeuzwa yadi za makontena na malori. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, yadi kadhaa zikakosa kazi. Mwaka 2022 ikatoka amri ya kurudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini hapa. Mwenye ploti aliyekuwa katikati ya mabadiliko hayo aliyumbishwa huku na huku, na ramani ikabaki ilivyokuwa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, unaopitiwa kila baada ya miaka 5. Nairobi wamekuwa na mwongozo wa mwaka 2004 unaoonyesha kila eneo linaruhusiwa kujengwa nini. Mwongozo ulipoachwa nyuma na ujenzi, wakaazi wa Kilimani na Kileleshwa wakaanza kupigania mwanga na maji taka huku magorofa yakipanda. Mjini kwetu nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera mimi binafsi, na wazee wa Majengo watanielewa. Hapa Mombasa kuna watu wengi ambao nyumba ni yao na ardhi si yao. Babu alijenga, akawa analipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, na wajukuu bado wanalipa. Mama wa nyumba hiyo anakaanga mahamri na viazi karai barazani, chumba cha mbele amekifanya duka la sukari na sabuni. Kwa kanuni ilivyo, akitaka kuwa halali kamili abadilishe matumizi ya ardhi. Ombi hilo linatakiwa liandaliwe na mpangaji aliyesajiliwa, liambatane na stakabadhi za umiliki. Stakabadhi zipi? Hana. Na mwenye shamba hana haraka ya kumtilia sahihi.

Nafikiri kanuni mpya ziseme wazi kwamba biashara ndogo ya ndani ya nyumba, inayoendeshwa na wanaoishi humo, isiyo na mashine za kelele wala moshi mzito, isihitaji kubadilisha matumizi ya ardhi. Alipie leseni yake, aachwe. Wenzangu wengine ofisini wanaogopa kwamba tukifungua mlango huo, baa nazo zitapita humo humo. Hofu yao si ya bure, ndiyo maana mipaka lazima iandikwe: ukubwa wa chumba, saa za kufunga, idadi ya wafanyakazi. Hapo ndipo nataka maneno yenu. Saa ngapi kinu cha kusaga unga kizimwe? Nyinyi ndio mnaolala ukuta kwa ukuta nacho.

Mji wa Kale una mambo yake. Ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na anayetaka kubadilisha jengo kule lazima apite pia kwa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Hilo haliguswi na mapitio haya. Asije mtu akauziwa maneno kwamba sasa anaweza kubomoa mlango wa nakshi aweke shata ya chuma.

Kwa jirani, naye asikilize. Anayeomba kubadilisha matumizi anatakiwa kuutangazia umma, na tangazo liwaalike watu kupinga. Ukiona kibao kwenye ploti ya jirani, kisome, upige picha, na ulete pingamizi lako kwa maandishi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Ombi likipitishwa nawe hukuridhika, una siku 14 tu kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti. Kutoka hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi hutujia mwezi wa tatu, klabu imeshafunguliwa na spika ziko juu, na siku 14 zimepita zamani.

Na muombaji pia ana haki yake. Asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, sheria inachukulia kwamba amekubaliwa. Kwa hivyo mkituona tumekaa juu ya faili, tunaoumia ni sisi sote: jirani anaamka ruhusa imeshatoka bila mtu kuichunguza. Hifadhini nakala yenye muhuri na tarehe ya siku mliyowasilisha.

Ramani za wadi zimebandikwa ukutani pale nyuma. Tafadhali tafuteni nyumba zenu. Rangi ya manjano ni makaazi, nyekundu ni biashara. Kama mtaa wako umepakwa manjano na wewe unajua una maduka 10 mfululizo, chukua kalamu uandike juu yake. Asiyeandika, amwambie karani aliye karibu na mlango, atamwandikia na kumsomea kabla hajatia kidole. Tutakaa hapa mpaka magharibi.